Nafasi ya PhD ya sayansi yenye ufadhili: anza kwa kujua pesa iko kwa nani

Waombaji wengi huanza kwa kuchagua nchi au chuo chenye jina, kisha huandika barua moja na kuisambaza kwa maprofesa themanini. Wengi wao hawajibu. Wanaojibu huandika mstari mmoja: kwa sasa sina fedha. Na mara nyingi wanasema kweli. Mwanafunzi wa PhD ya sayansi halipiwi na "chuo" kwa ujumla wake. Kuna bajeti fulani, yenye mwenyewe, yenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Ukishamjua mwenye bajeti, umejua pia umwandikie nani, lini, na umwambie nini.

Pesa hukaa mahali patatu

Pa kwanza ni kwenye mradi. Profesa ameshinda ruzuku, na ndani yake mna mshahara wa mwanafunzi mmoja au wawili. Anatangaza nafasi kama anavyotangaza kazi, na anayechaguliwa anasaini mkataba wa ajira. Ndio mtindo ulioenea Ujerumani, Uholanzi, Uswisi na nchi za Skandinavia. Mada ilishaandikwa kwenye andiko lililopata fedha, kwa hiyo hakuna anayekuomba ulete yako. Anachotaka profesa ni mtu wa kuifanya kazi hiyo, tena aanze karibuni, kwa sababu saa ya ruzuku inatembea.

Pa pili ni kwenye programu. Hapa unadahiliwa kwanza na kamati, msimamizi anafuata baadaye. Programu nyingi za Marekani ziko hivi: ada imesamehewa, unapewa posho ya kujikimu na bima ya afya, nawe unafundisha vipindi vya maabara au unafanya utafiti kwenye mradi wa profesa. Mtindo huo wa kamati wanao pia EMBL, maabara ya biolojia ya molekuli ya Ulaya, shule za utafiti za Max Planck za Ujerumani zinazojulikana kama IMPRS, na taasisi za utafiti za ISTA ya Austria na OIST ya Okinawa, Japani. ISTA na OIST humpokea hata mwenye shahada ya kwanza tu, jambo ambalo wengi hawalijui na hujinyima nafasi bure.

Pa tatu ni mfukoni mwako: unakwenda na ufadhili ulioushinda mwenyewe, kama wa DAAD wa Ujerumani, MEXT wa Japani, CSC wa China, au wa serikali yako. Profesa hapa hatoi fedha. Anatoa barua ya kukubali kukusimamia na nafasi ya meza maabarani. Ni njia hii ndiyo inayodai andiko la utafiti lililokamilika, na ndiyo ndefu kuliko zote, maana unashindana mara mbili: kwa profesa, kisha kwa mfadhili.

Uingereza imechanganya yote. Kuna vituo vya mafunzo ya uzamivu vinavyopokea kundi zima kila mwaka, na kuna nafasi mojamoja zenye mada yake. Tangu 2021 fedha za baraza la utafiti la nchi hiyo, UKRI, ziko wazi kwa waombaji wa nje pia, lakini wasizidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Tena UKRI hulipa ada ya kiwango cha mwanafunzi wa ndani. Ile tofauti ya ada ya mgeni, ambayo katika sayansi za maabara ni kubwa, chuo kinaweza kuifuta au kisiifute. Usiendelee na ombi la Uingereza kabla hujapata jibu la swali hilo kwa maandishi.

Kutafuta: matangazo, na kabla ya matangazo

Kwa matangazo ya wazi, EURAXESS inakusanya ya Ulaya nzima, AcademicTransfer ya Uholanzi, Jobbnorge ya Norwei, jobs.ac.uk na FindAPhD ya Uingereza na kwingineko. DAAD ina kanzidata yake ya nafasi za Ujerumani. Mwanafizikia wa chembe ataangalia INSPIRE, mwanafalaki atafungua rejista ya ajira ya AAS, jumuiya ya wanafalaki ya Marekani. Weka tahadhari za baruapepe kwa maneno mahususi. "Biolojia" itakuletea mafuriko; andika "usugu wa antibiotiki" au "uchavushaji" kwa Kiingereza, pamoja na majina ya mbinu unazozimudu. Nafasi nyingi hutangazwa kwa jina la mbinu kuliko jina la fani.

Sasa kabla ya matangazo. Ruzuku ikishatolewa, taarifa zake huwekwa hadharani miezi kadhaa kabla profesa hajatangaza nafasi. Miradi ya Umoja wa Ulaya iko kwenye CORDIS, ya Ujerumani kwenye GEPRIS, ya Uingereza kwenye Gateway to Research, ya Marekani kwenye kanzidata ya NSF, wakfu wa sayansi wa nchi hiyo, na, kwa afya, NIH RePORTER. Tafuta mada yako, chuja miradi iliyoanza ndani ya mwaka mmoja, soma muhtasari. Mtafiti aliyepata juzi ruzuku ya kuanzia ya ERC, baraza la utafiti la Ulaya, ana hadi yuro milioni 1.5 za miaka 5 na kikundi ambacho bado hakijajaa. Huyo ndiye wa kumwandikia. Profesa mashuhuri ambaye mradi wake unaisha baada ya miezi minane anaweza kukusifu sana na bado asiwe na kitu cha kukupa.

Njia nyingine ni kusoma shukrani mwishoni mwa makala unazozipenda. Namba ya ruzuku huandikwa hapo. Ichukue, itafute, uone inaisha lini.

Unachokitafuta ukikipata, kiandike kwenye lahajedwali: jina la mradi, mwenye fedha, siku ya mwisho na saa za kanda gani, nyaraka zinazotakiwa, idadi ya barua za mapendekezo, hali ya ombi. Tunashauri maombi 8 hadi 12 yaliyoandaliwa vizuri kwa msimu. Ukivuka 20, ubora huporomoka na unaanza kusahau kubadilisha jina la chuo kwenye barua. Hilo hutokea, na anayesoma hucheka kisha hufunga faili.

Soma tangazo kama mkataba

Maneno machache kwenye tangazo hubeba kila kitu. Chukua tangazo la Ujerumani linalosema: "asilimia 65 ya daraja E13, miaka 3." Maana yake unalipwa sehemu hiyo ya mshahara kamili wa daraja hilo la utumishi wa umma, kodi na bima zikikatwa humohumo, ingawa maabara itategemea uwepo siku nzima. Ni kawaida kabisa huko, si dalili ya unyonyaji wa chuo kimoja. Tangazo la Uholanzi likisema mkataba wa mwanzo ni miezi 12 au 18, usishtuke: ni kipindi cha tathmini, kisha unaongezwa hadi jumla ya miaka 4. Uswidi wana miaka 4 ya masomo halisi, na ukipewa kufundisha hadi asilimia 20 ya muda wako, mkataba unarefuka kuelekea 5. Norwei ni 3, au 4 yenye asilimia 25 ya majukumu ya idara.

Kwenye FindAPhD tofautisha hali tatu. Mradi "uliofadhiliwa" una fedha tayari. Mradi "wa ushindani" hauna bado: profesa ana wazo, na wewe pamoja na wazo lake mtashindanishwa na miradi mingine ya chuo hicho, mshindi apewe. "Kujifadhili" ni kujilipia, ruka. Hapo katikati ndipo watu hupotezea miezi wakidhani wanaomba nafasi moja yenye mtu mmoja wa kumshinda.

Ukiona "maombi yanasomwa kadiri yanavyoingia" au "mpaka nafasi ijazwe", siku ya mwisho iliyoandikwa haina maana kubwa. Tuma ndani ya wiki mbili za kwanza.

Nafasi za Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya, hulipa vizuri, lakini zina sharti la kuhama ambalo huwaondoa watu wazuri kila mwaka: usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu katika nchi ya mwajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Aliyemaliza uzamili wa miaka miwili Ufaransa juzi hawezi kuchukua nafasi ya Ufaransa, ila ya Uhispania anaweza. Uraia hauhusiki. Hesabu miezi yako kabla hujaandika hata sentensi moja.

Mwisho, sifa za kuingilia. Nchi nyingi za bara la Ulaya zinadai uzamili. Uswidi, kwa mfano, hutaka mikopo 240 ya ECTS (vipimo vya Ulaya vya mzigo wa masomo, si mkopo wa fedha), angalau 60 ikiwa ya ngazi ya uzamili, na mwaka mmoja wa masomo ni mikopo 60. Kama shahada yako haitumii ECTS, eleza kwa mstari mmoja miaka na mzigo wa masomo, usimwachie karani akisie.

Ratiba

Rudi nyuma miezi 12 hadi 15 kutoka mwezi unaotaka kuanza. Programu nyingi za Marekani zinazoanza Agosti au Septemba hufunga dirisha kati ya tarehe 1 na 15 Desemba ya mwaka uliotangulia. ISTA hufunga mwanzoni mwa Januari. Nafasi za miradi hazina msimu, huibuka wakati wowote, na kutoka tangazo hadi kuanza kazi huweza kuwa miezi minne tu, kwa hiyo nyaraka ziwe tayari kabla.

Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, matokeo yake huhesabika miaka miwili. Ufanye mapema, lakini si mapema kiasi cha kuisha kabla ya udahili. Baadhi ya vyuo hukubali barua kwamba ulisoma kwa Kiingereza, uliza. Kuhusu GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya juu, programu nyingi za sayansi Marekani zimeiacha, kwa hiyo hakiki kwenye ukurasa wa idara yenyewe kabla ya kulipia.

Baruapepe kwa profesa

Kwanza jiulize kama inahitajika. Kwa programu za biolojia ya tiba Marekani zenye kuzunguka maabara mbili tatu mwaka wa kwanza, kamati ndiyo inayochagua, na barua kwa profesa haibadilishi mengi. Kwa ikolojia na sayansi za dunia hukohuko Marekani ni kinyume: bila profesa aliyesema "namtaka huyu", ombi halina pa kukaa. Kwa nafasi iliyotangazwa Skandinavia, ombi ni lile lililoingia kwenye mfumo. Baruapepe ni ya kuulizia tu.

Inapohitajika, isizidi maneno 200. Tazama mfano wa mwombaji wa fizikia ya vifaa:

"Profesa (jina la ukoo), katika makala yenu ya mwaka jana mliziweka seli za jua za perovskaiti kwenye nyuzijoto 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000. Mlionyesha kuwa tabaka la ayodidi ya risasi hujitokeza pembezoni kwanza. Najiuliza kama ni unyevu unaopenya kwenye gundi ya kingo, au ni joto peke yake, kwa kuwa sikuona kipimo cha joto bila unyevu. Katika uzamili nilitengeneza filamu 64 za aina hiyo na kuzipima kwa difraksheni ya eksirei. Nusu ziliharibika kabla ya wiki, na tasnifu yangu inaeleza sababu. Nimeona mradi wenu mpya wa uimara wa seli ulianza Machi. Je, mnatarajia kuajiri mwanafunzi wa PhD kwa mradi huo? Nimeambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo yangu ya masomo."

Angalia kilichofanyika. Makala imesomwa hadi kwenye mbinu, si muhtasari tu. Swali ni la kweli, na profesa anaweza kulijibu kwa mstari mmoja. Uzoefu umetajwa kwa idadi, pamoja na kuharibika. Mradi wenye fedha umetajwa kwa jina. Ombi ni moja, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Hakuna "tangu utotoni naipenda sayansi", hakuna "kikundi chenu maarufu duniani". Kichwa cha barua kiseme kazi: "PhD, mradi wa uimara wa perovskaiti: uzamili wa fizikia, difraksheni ya eksirei".

Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku kumi. Baada ya hapo, achana naye. Usiwaandikie maprofesa wawili wa kikundi kimoja siku moja. Wanakaa ofisi jirani.

Nyaraka

Wasifu: kurasa mbili. Elimu, utafiti, mbinu, machapisho kama yapo. Usiorodheshe "Python, R, PCR" kama majina ya mboga. Andika ulichokifanya nacho: "niliandika programu ya Python ya kusafisha vipimo vya vituo 40 vya mvua, miaka 12." Makala iliyowasilishwa lakini haijakubaliwa iitwe hivyo. Kuiandika kama iliyochapishwa hugunduliwa kwa utafutaji wa nusu dakika, na ombi linakwisha hapo.

Barua ya maombi kwa nafasi ya mradi ni ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje nafasi na kwa nini mada hii, ya pili kazi uliyoifanya inayokaribiana nayo, ya tatu kile usichokijua bado na utakavyokijifunza, kisha lini unaweza kuanza. Aya ya tatu huachwa na wengi kwa woga. Msomaji tayari anaona pengo kwenye wasifu wako. Afadhali alisikie kutoka kwako. Tamko la malengo la Marekani ni refu kidogo, ukurasa mmoja hadi kurasa mbili, na litaje maprofesa wawili au watatu ambao ungefanya nao kazi, pamoja na sababu zake.

Matokeo ya masomo yaende na maelezo ya mfumo wa alama. Cheti kisipotoka, omba barua rasmi ya chuo kwamba umemaliza. Jina lako lifanane kwenye pasipoti, vyeti na fomu, herufi kwa herufi. Kama halifanani, andaa kiapo cha majina sasa, maana tatizo hili hujitokeza kwenye viza, wakati ambapo hakuna tena muda.

Barua za mapendekezo ni 2 au 3, na ndizo zinazochelewesha kuliko chochote kingine. Mwombe mtu aliyekusimamia maabarani hata kama cheo chake ni kidogo. Mkuu wa kitivo asiyekujua ataandika mistari mitano ya jumla, na kamati huitambua barua hiyo mara moja. Mpe wiki nne au zaidi, pamoja na wasifu wako, rasimu ya barua ya maombi, orodha ya nafasi zote na tarehe zake, na mambo matatu ungependa ayagusie. Kisha kuna mtego wa kiufundi. Mifumo mingine humtumia mwandishi wa barua ya mapendekezo kiungo pale tu unapobonyeza "tuma", na baadhi hukataa anwani za baruapepe za bure. Tumia anwani yake ya kazi, tuma ombi siku saba au zaidi kabla ya mwisho, na umwambie aangalie folda ya barua taka.

Ada ya kuomba ipo Marekani na hulipwa kwenye mfumo wa chuo. Idara nyingi huifuta ukiomba kwa maelezo mafupi, kabla ya kutuma. Lakini anayekutaka utume pesa kwa mtu binafsi ili "kushikilia nafasi" ni tapeli, hata barua yake iwe na nembo nzuri namna gani.

Usaili

Kwa nafasi ya mradi tarajia dakika 30 hadi 60 kwa video, watu wawili hadi wanne, na mada yako ya dakika 10. Tengeneza slaidi 8, si 20. Moja iwe ya grafu moja unayoweza kuieleza hadi mwisho: mhimili huu ni nini, pau za hitilafu zimehesabiwaje, kwa nini sampuli ni 6 na si 30. Usaili huvunjikia hapo. Mwombaji anaonyesha grafu nzuri iliyotengenezwa na mwenzake, anaulizwa swali la pili, ananyamaza. Kama sehemu fulani ilifanywa na mwingine, sema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Nawe uliza. Fedha zinaisha lini, na nisipomaliza kufikia hapo inakuwaje? Wanafunzi waliopita walimaliza kwa miaka mingapi, wako wapi? Mnakutana mara ngapi? Kisha omba kuzungumza na mwanafunzi wa sasa bila profesa kuwepo. Kikundi kinachokataa hilo kimeshakujibu.

Ofa ikija

Omba maandishi yenye kiasi, muda, ada, bima na tarehe. Kwa Marekani uliza kama posho ni ya miezi 9 au 12. Tofauti ni kiangazi kizima bila mapato. Uliza pia kama msamaha wa ada unajumuisha tozo ndogondogo za kila muhula. Kwa Uingereza kumbuka tozo ya afya ya wahamiaji hulipwa ya muda wote wa viza kwa mkupuo, kabla ya kusafiri. Chuo kingine hurudisha, kingine hakirudishi. Nauli na mwezi wa kwanza kabla mshahara haujaingia huwa juu yako, isipokuwa imeandikwa vinginevyo.

Vyuo vya Marekani vilivyosaini makubaliano ya tarehe 15 Aprili havikulazimishi kuijibu ofa yenye ufadhili kabla ya siku hiyo. Profesa wa Ulaya, kwa upande wake, anaweza kukupa wiki moja. Ofa ya Ulaya ikifika Februari huku kamati ya Marekani iko kimya, iandikie kamati, eleza una ofa yenye tarehe fulani, uliza ombi lako limefikia wapi. Hawaoni vibaya; huulizwa hivyo kila mwaka. Na ukishakubali moja, ondoa maombi mengine siku hiyohiyo kwa barua ya mistari miwili, kwa kuwa kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri anayengoja nafasi uliyoishikilia.